Zimamoto Wakisimama Ukingoni mwa Kisima

Mtu akitumbukia kisimani mitaani kwetu, watu hukimbilia kutafuta kamba na kijana mwenye moyo. Zimamoto wanakumbukwa baadaye. Wakifika, wakaanza kufunga mikanda na kukagua mitungi ya hewa, zogo linaanza: "Mtu anakufa, nyie mmesimama tu!" Lawama hii inaniuma, kwa sababu kule kusimama ndiyo kazi yenyewe waliyofunzwa.

Kisima kirefu au shimo la choo linaweza kukosa hewa kabisa chini. Kuna gesi nzito kuliko hewa, zinatuama humo bila kuonekana. Ya chooni ina harufu ya yai viza, lakini ikizidi huua uwezo wa pua kunusa, ukadhani imeisha. Na kama kisima kilikuwa kinavutwa maji kwa pampu ya petroli iliyoteremshwa ndani, moshi wake umebaki humo. Anayeshuka anaishiwa nguvu kabla hajamgusa mwenzake. Ndugu anamfuata, naye kimya. Jirani anafuata. Ndiyo maana tunasoma habari za watu watatu, wanne wa familia moja kufia shimo moja, na pengine wa kwanza alishuka kufuata simu tu. Askari hashuki mpaka avae barakoa na mtungi, awe na kamba inayoshikwa na wenzake juu. Dakika hizo ni chungu kuzitazama, lakini bila hizo maiti zinaongezeka.

Kwenye ajali ya gari ni hivyo hivyo. Kabla ya kukata bodi, gari linawekewa vigingi lisiyumbe, na betri inachomolewa. Sisi raia tunamvuta majeruhi kwa mikono, tunamvunja uti wa mgongo huku tukimwonea huruma.

Jengo lilipoporomoka Kariakoo tarehe 16 Novemba 2024, watu walinaswa chini wakiwa hai, wakapelekewa maji, glukosi na oksijeni huko huko waliko. Wengi nje walitaka kifusi kiondolewe upesi. Lakini tingatinga likisukuma ovyo, zege linawalalia walio chini. Hata mguu uliobanwa saa nyingi hauachiliwi tu: sumu zilizokusanyika kwenye msuli huingia kwenye damu kwa mpigo na zinaweza kusimamisha moyo. Daktari anapaswa kuwa hapo, na dripu ianze kabla ya jiwe kuinuliwa.

Sisemi kila kuchelewa ni utaalamu. Ndege ya Precision Air ilipoanguka Ziwa Victoria, Bukoba, tarehe 6 Novemba 2022, waliowahi ni wavuvi. Kati ya watu 43 waliokuwamo, 19 walikufa. Kijana mvuvi, Majaliwa Jackson, aliyesifiwa kwa kusaidia kufungua mlango wa ndege, Rais Samia aliagiza aajiriwe katika Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Nilifurahi sana. Ila ningefurahi zaidi kama kila mwalo mkubwa ungekuwa na wavuvi waliofunzwa na jeshi hilo, pamoja na boti ya uokoaji na wapiga mbizi walio karibu. Kituo kikiwa mbali, au kifaa kikikosekana, hilo ni deni la wanaopanga bajeti. Tusimtukane askari aliyesimama ukingoni akikagua mtungi wake.

Kwa Tanzania, namba ni 114, na si ya moto tu. Ukipiga, sema wazi kwamba ni kisima, gari, kifusi au maji, kwa sababu vifaa vya kubeba havifanani. Taja waliokwisha kushuka ni wangapi na kama palikuwa na pampu ndani. Halafu mshikeni yule kijana mwenye moyo, hata akilia na kuwatukana.