Michigan 1901: 550 kwa 0, na swali la vibonde

Kila ukitajwa msimu wa 1901 wa Chuo Kikuu cha Michigan, hakosi wa kuguna: "Kwani walikuwa wanacheza na nani?" Swali la haki. Mechi 11 za mpira wa Kimarekani, ushindi 11, wamefunga pointi 550 na hawakufungwa hata moja. Ukikuta hesabu ya namna hiyo kwenye ligi yoyote, unakimbilia kwanza kuchungulia ratiba.

Basi tuichungulie. Buffalo walipigwa 128, Beloit 89, Albion 50. Vibonde wamo, hakuna ubishi. Na wenye shaka wana hoja nzito kuliko hiyo: vigogo wa enzi hizo walikuwa vyuo vya mashariki, na Michigan hawakukutana na Yale wala Harvard, na hao Harvard msimu uleule walishinda mechi zao zote 12. Ukimuuliza mtu wa Boston bingwa ni nani, asingehangaika kutazama Ann Arbor, mji wa chuo cha Michigan.

Ila fanya kitu kimoja. Watoe Buffalo, watoe na Beloit. Zinabaki pointi 333 katika mechi 9, yaani 37 kila mechi. Na hizo ni za zamani: kuuvusha mpira mstari wa mwisho kulikuwa na pointi 5, si 6 za leo, na kurusha pasi ya mbele kulikuwa marufuku hadi 1906. Kila yadi ilitafutwa kwa mabega. Ohio State, waliobana kuliko wote, walifungwa 21. Carlisle na Chicago, 22 kila mmoja.

Lakini mimi hainisumbui 550, inanisumbua ile 0. Utaambiwa bila pasi ya mbele ilikuwa rahisi kuzuia, na mechi nyingi za wakati ule ziliisha kwa pointi kiduchu. Kweli, sifuri moja si ajabu. Sifuri 11 mfululizo? Kumbuka kwamba siku hizo teke moja la mbali likipita katikati ya milingoti lilileta pointi 5, sawasawa na kuuvusha mpira. Timu iliyozidiwa mchana kutwa ilihitaji bahati ya sekunde chache tu. Katika timu 11 hakuna iliyoipata, hata hao Iowa waliolala 50.

Siri ilikuwa kasi. Kocha Fielding Yost, aliyefika mwaka huohuo, alitaka shambulio linalofuata litangazwe wakati wapinzani bado wanajiokota chini. Ndiyo maana walimbandika jina la "Hurry Up", yaani fanya haraka. Kwa timu ya namna hiyo pointi za mwisho huja zenyewe, kwa sababu mpinzani amekwisha pumzi, na anayetazama matokeo kwenye gazeti anadhani ni ukatili.

Ushahidi ni Pasadena, California, Januari 1, 1902, kwenye mechi tunayoihesabu leo kuwa ya kwanza ya Rose Bowl, ile mechi ya vyuo ya Mwaka Mpya. Michigan walitoka kwenye baridi yao wakacheza juani na watu 11 walewale mwanzo mwisho, bila kubadilisha hata mmoja. Mapumziko ilikuwa 17 kwa 0 dhidi ya Stanford. Kipindi cha pili wakaongeza 32, Neil Snow peke yake akiwa ameuvusha mpira mara tano katika mechi hiyo. Zikiwa zimebaki dakika 8, nahodha wa Stanford, Ralph Fisher, akamwendea mwenzake wa Michigan kuomba yaishe. Yakaisha.

Na hao Stanford si Albion. Yost mwenyewe ndiye aliyekuwa kocha wao mwaka mmoja kabla, wakamwacha aende kwa vile walitaka kocha aliyesoma chuoni kwao. Waandaaji wa Pasadena nao wakaona yatosha: walijaribu polo, wakaleta mbio za magari ya kukokotwa na farasi, na mpira haukurudi pale hadi 1916.