Baba mkwe na waifai ya uani

Kuta za nyumba yetu ni za tofali za saruji, na ruta, kile kisanduku kinachorusha waifai, iko sebuleni kando ya televisheni. Waifai inatembea vizuri mpaka mlango wa jikoni, hapo inachoka. Chumba cha uani haifiki kabisa. Ukitaka kupiga simu ya video unasimama mbele ya friji, unaongea na ndugu yako wa Muscat huku ukimpisha anayefuata maji.

Baba mkwe akaja kutoka Lushoto, tukampa chumba cha uani. Jumamosi kuna mechi ya watani wa jadi, anataka aitazame kwenye simu yake akiwa amejilaza, maana mgongo unamsumbua. Nikamwambia, "Baba, niachie mimi." Kauli hiyo mke wangu anaiogopa kuliko mgao wa umeme.

Uvunguni nilikuwa na ruta ya zamani, pacha wa ile ya sebuleni, kampuni moja, rangi moja. Nikaenda Kariakoo kununua waya wa mita 20 wa kuziunganisha, nikaupitisha dirishani mpaka uani. Sijamaliza kuchomeka, dada kashaanika kanga mbili juu yake.

Sasa, ruta ndiyo huzigawia simu anwani, kama afisa ardhi na viwanja. Wakiwa wawili mtaa mmoja, wenyewe mnajua kiwanja kimoja kinauziwa watu wangapi. Kwa hiyo ile ya pili unaizimia ugawaji na kuibadilishia anwani yake. Nikafungua anwani ya ruta kwenye kompyuta, 192.168.1.1, jina admin, nenosiri admin (msinihukumu), nikazima ugawaji, nikaandika 192.168.1.2, nikahifadhi.

"Baba, katuni imeganda!" mwanangu akapaza sauti.

Shemeji, muuza vitenge kwa simu, akatoka chumbani na kilemba mkononi. "Shem, wateja wananiuliza kama nimekufa." Simu zote mistari imejaa mpaka juu, intaneti hamna. Nikashuku kanga. Nikazianua. Nikazima umeme, nikawasha. Nikapanda stuli nikapuliza vumbi kwenye ruta, kitendo ambacho mpaka leo siwezi kukieleza.

Kijana wa jirani, kidato cha tatu, alikuja kuazima pampu ya baiskeli. Akatazama kidogo. "Anko, hizi pacha si zote zinatoka kiwandani na 192.168.1.1? Ulijuaje umeingia ipi?"

Sikujua. Kumbe niliingia ile ya sebuleni. Nilikuwa nimemfukuza kazi afisa ardhi halali, ofisi nikamkabidhi tapeli asiye na hata shamba.

Dogo akachomoa waya wangu, akaanza kuiandikia kompyuta anwani kwa mkono ili aweze kuingia ruta ya sebuleni. Mimi nikajikokota uani kumwomba radhi mzee. Nikamkuta amejilaza, kipindi cha pili, picha haikwami hata chembe.

"Mkwe, waifai yako inakimbia! Tangu mpira uanze haijakata."

Nikachungulia juu ya kioo: 4G. Simu ilipoona waifai yangu haina kitu, ilijihamia yenyewe kwenye bando lake. Kabla sijafungua mdomo ikalia. Mzee akavaa miwani, akasoma kwa sauti:

"Ndugu mteja, umetumia asilimia 90 ya kifurushi chako." Akanigeukia. "Hawa ni akina nani?"

"Ni watu wa waifai, baba. Wanakusalimu."