Data zangu mwenyewe nazikomboa kama bondi

Aisee hii app ya kurekodi mbizi imenichosha jamani. Mbizi 140 zimo humo, Mbudya, Mafia, Pemba, leo nataka kuhamia Subsurface, ile programu ya bure aliyoianzisha Linus Torvalds, yule wa Linux, 2011, nabonyeza kutoa data inanipa PDF! PDF nifanyie nini, nifungie maandazi? Nikachimba chimba nikapata CSV, faili la jedwali la kawaida, nayo ina tarehe, dakika na kina kirefu zaidi basi, ile grafu ya kushuka na kupanda haimo wakati saa yangu ya mbizi iliirekodi yote. Na UDDF, aina ya faili ya kuhamishia data za mbizi toka programu moja hadi nyingine, ipo miaka kibao, ni XML ya kawaida tu. Eti hiyo mpaka ulipie premiamu. Yaani nizame mimi, mitungi nilipie mimi, halafu tena data zangu nizikomboe!