GPS na Ndimi za Theluji

Igloolik ni kisiwa cha Wainuit, wenyeji wa asili wa kaskazini mwa Kanada, chenye wakazi wapatao 2,000. Jua likizama mwishoni mwa Novemba halionekani tena mpaka katikati ya Januari. Nchi ni tambarare, bahari imeganda, na mpaka kati ya bahari na nchi kavu umefunikwa na weupe mtupu. Mwindaji aliyetoka mbali anarudije nyumbani?

Jibu la wazee liko chini ya miguu yao. Upepo wanaouita Uangnaq, unaotoka upande wa kaskazini-magharibi, huichonga theluji ikawa matuta yenye umbo la ulimi. Kwa lugha yao huitwa uqalurait. Matuta hayo yakishakuwa magumu, pepo nyingine hupita juu yake bila kuyageuza. Basi mwindaji huyakata kwa pembe ileile safari nzima. Hata giza likiingia, au upepo ukirusha theluji mpaka asione mkono wake, mtikisiko wa sleji, chombo cha kukokotwa juu ya theluji, ikipanda tuta na kushuka humwambia kama bado yuko njiani.

Miaka ya 1990 GPS, kifaa kinachotumia setilaiti kuonyesha mahali ulipo na njia ya kufuata, ilianza kuingia mikononi mwa wawindaji hao, na mjadala haujaisha tangu hapo: je, kifaa hiki kinawaokoa, au kinawapumbaza?

Wanaokitetea wana hoja nzito. Wawindaji wa walarasi, mnyama mkubwa wa bahari ya baridi, hufanya kazi kwenye barafu inayoelea, na ukungu ukishuka, mashua haioni pwani. Zamani walitegemea mikondo ya maji na mawimbi, au walisubiri tu mpaka kutanzuke. Leo, wakiwa na GPS, wanaondoka bila kusubiri. Kumwambia baba mwenye familia aache kifaa hicho ili sisi wa mbali tufurahie "utamaduni halisi" ni ukatili. Na Wainuit hawajawahi kuabudu vitu vya kale kwa sababu ni vya kale. Wapo wanaopanda pikipiki ya theluji wakiwa wamevaa nguo za ngozi ya kulungu wa kaskazini, safu mbili, manyoya ya safu ya ndani yakigusa mwili, kwa kuwa mwendo kasi huzidisha upepo na nguo za namna hiyo bado ni kinga madhubuti.

Upande wa pili nao si wa kubezwa. GPS huchora mstari ulionyooka, na haijui kwamba katikati ya mstari huo kuna mkondo unaoila barafu kutoka chini. Betri huishiwa nguvu upesi kwenye baridi. Mbwa huogopa barafu nyembamba, injini haiogopi. Halafu kuna suala la kujifunza. Kwenye sleji ya mbwa mtoto alikaa na baba yake saa nyingi, akitajiwa kila rasi na kila ghuba kwa jina. Juu ya pikipiki kelele imemeza mazungumzo.

Hata hivyo, naona wanaolaumu mashine wanaanzia hadithi katikati. Tangu miaka ya 1950 familia zilivutwa, na mara nyingine kushurutishwa, kuhamia vijiji vyenye shule na duka. Watoto walichukuliwa kupelekwa shule za bweni. Mbwa wengi waliuawa, wakiwemo waliopigwa risasi na polisi. Tume ya Ukweli ya Qikiqtani, eneo ambalo Igloolik imo, iliyaandika hayo katika ripoti yake ya mwaka 2010, na mwaka 2019 serikali ya Kanada iliomba radhi. Ukishafungwa kijijini, mawindo yako mbali na Jumatatu unatakiwa kazini, utafanya nini bila injini? Pengo la ujuzi wa jadi lilikuwepo kabla GPS haijafika.

Siisafishi GPS kabisa. Kijana asiye nayo na asiyejua barafu angebaki karibu na kijiji. Akiwa nayo, anafika mahali ambapo ujuzi wake haufiki, na hapo ndipo pa kufia.

Siku hizi barafu huganda kwa kuchelewa na kupasuka mapema, kiasi kwamba hata mzoefu huweza kutumbukia mahali alipopita miaka yote. Hapo kipimo kinahitajika. SmartICE, shirika lililoanzia Labrador, mashariki mwa Kanada, na kupata tuzo ya Umoja wa Mataifa mwaka 2017, hutumia kihisi kinachokokotwa kwenye sleji nyuma ya pikipiki ili kupima unene wa barafu. Wanaokiendesha ni wenyeji waliofunzwa kazi hiyo. Lakini kabla injini haijawashwa mtu huuliza kwanza: leo tupite wapi, na wapi tusikanyage? Swali hilo bado wanaulizwa wawindaji wazoefu na wazee.