Mafahali wawili walikaa zizi moja, tatizo lilikuwa mwenye zizi

Kila nikirudi kwenye siasa za Uingereza za mwaka 1783 roho inaniuma, maana naona kabisa ile serikali ya mseto ya wanasiasa wawili, Charles James Fox na Lord North, ilionewa. Iliingia tarehe 2 Aprili ikang'olewa usiku wa tarehe 18 Desemba, haikufika hata miezi 9, na watu wanaihukumu mpaka leo eti ilikuwa ndoa ya wanafiki wawili basi.

Hasira za watu nazielewa. North alikuwa waziri mkuu miaka 12, ndo aliyeendesha vita ya Marekani kwa niaba ya mfalme George III mpaka wakapigwa Yorktown 1781, na miaka yote hiyo Fox yuko upande wa pili anamrarua bungeni, akafika mpaka kusema siku akipatana na yeyote katika wale mawaziri aitwe mtu mwovu kuliko wote. Mwaka haukuisha, Februari 1783 wakaungana, wakaangusha bungeni mapatano ya amani ya Lord Shelburne, waziri mkuu wa wakati huo, kwa kura 224 kwa 208, Shelburne akaachia ngazi. Mfalme alihangaika kama wiki 5 kutafuta mtu mwingine, akakosa. Duke wa Portland akawekwa juu kwa jina tu, Fox akachukua mambo ya nje na North mambo ya ndani. Halafu Septemba wakaja kusaini mkataba wa Paris wa kumaliza vita ya Marekani, ambao ulifanana sana na yaleyale waliyoyapinga, na hapo siwatetei hata kidogo.

Ila kilichowaua ni muswada wa India, na hapa ndo nasimama nao. Kampuni ya East India, kampuni ya biashara ya Waingereza, ilikuwa inatawala Bengal huko India kama shamba la wenye hisa, watu wanakamuliwa, na yenyewe bado inakuja kwa serikali kuomba iokolewe na madeni. Fox akasema madaraka yatoke kwa wakurugenzi yaende kwa makamishna 7 watakaowajibika kwa bunge, mbunge mwenzao Edmund Burke akausimamia kwa hotuba nzito sana. Kosa lao ni kwamba wote 7 walikuwa watu wao, mmoja mtoto wa North kabisa! Hapo waliwapa maadui kisu mkononi.

James Sayers akachora katuni ikaenea London nzima: Fox kavaa kilemba kama sultani, kapanda tembo anaingia Leadenhall Street kwenye makao makuu ya kampuni, na yule tembo ukimwangalia usoni ni North mwenyewe, mbele yao Burke anapuliza tarumbeta. Picha moja tu, watu wakaamini kwamba hawa wanakwenda kujigawia mali ya India.

Pamoja na hayo bunge la chini liliupitisha kwa kura 208 kwa 102. Sasa sikia alichofanya mfalme. Alimpa Earl Temple ujumbe awaonyeshe malodi, yaani wajumbe wa bunge la juu, kwamba yeyote atakayeupigia kura ya ndiyo sio tu si rafiki yake bali atahesabiwa adui. Muswada ukafa tarehe 17 Desemba, kura 95 kwa 76, na kesho yake karibu na saa sita usiku mfalme akatuma watu wakachukue mihuri ya uwaziri, alama ya madaraka yao, kuonana nao uso kwa uso hakutaka. Nafasi akapewa William Pitt wa miaka 24, na uchaguzi wa 1784 wafuasi wengi sana wa mseto wakapoteza viti mpaka wakaitwa mashahidi wa Fox, yaani waliokufa kisiasa kwa ajili yake.

Ndo maana nachukia ile habari kwamba uongozi wa watu wawili haudumu kwa sababu lazima watagombana. Hawa hawakugombana, hakuna aliyemuuza mwenzie, hata baada ya kufukuzwa waliendelea kukaa upande mmoja wa upinzani. Miaka michache baadaye North akapofuka macho kabisa, na bado alikuwa upande wa Fox.