Urea kwenye malisho ya Masisi: majani yataongezeka, ila Julai je?

Majani ya Kikuyu, yaliyotawala malisho mengi ya Masisi, Kivu Kaskazini, yanapenda nitrojeni sana. Yamwagie urea, mbolea ya dukani yenye nitrojeni nyingi, mvua zikianza, na baada ya wiki chache kilima kizima kimebadilika rangi. Mfugaji anayeteremsha maziwa na fromaji (jibini) Goma hahitaji fundi wa kumweleza faida yake, na pa kupanulia malisho hapana: huku msitu, huku mashamba ya viazi na maharage. Wanaotetea mbolea ya dukani wana hoja. Kuwajibu tu kwamba "mbolea inaharibu udongo" si jibu.

La kupima ni kama wingi huo wa majani utakuwepo pia Julai, mvua ikikatika.

Jibu linategemea aina ngapi za mimea zinabaki malishoni. Jaribio la zamani zaidi kuhusu mbolea na aina za mimea liko Rothamsted, Uingereza, nalo linaendelea tangu 1856. Vipande visivyotiwa kitu vina aina 40 hivi za mimea; vilivyotiwa salfati ya amonia kwa wingi, bila chokaa, vimebakiwa na aina mbili tatu. Sababu ya kwanza ni tindikali: amonia ikigeuka nitrati udongoni, huacha tindikali nyuma yake, na urea hupita njia hiyohiyo. Sababu ya pili ni kivuli. Mwaka 2009 Yann Hautier na wenzake wa Zürich walitia mbolea, kisha wakawasha taa chini ya majani marefu, na mimea mifupi haikupotea. Kumbe mmea mfupi hauuawi na mbolea yenyewe. Unauawa na jirani aliyenenepa akaufunika.

Kuhusu uthabiti, yaani majani kutopungua sana mvua ikikatika, ubishi ulikuwa mkali zaidi, na haki yake. Huko Cedar Creek, Marekani, David Tilman na John Downing walionyesha mwaka 1994 kwamba vipande vyenye aina nyingi vilipoteza majani machache zaidi katika ukame wa 1987 na 1988. Michael Huston akawajibu mwaka 1997: vipande vyenye aina chache ndivyo vilivyokuwa vimetiwa nitrojeni, sasa mtajuaje kilichovidhoofisha ni uchache wa aina au ni mbolea? Pingamizi hilo lilikuwa na uzito. Majaribio ya kupanda aina 1 hadi 16 kwa makusudi ndiyo yaliyolijibu: mwaka hadi mwaka, mchanganyiko ulitoa mavuno yasiyoyumba sana, ingawa kila aina peke yake iliyumba. Ila kwa mfugaji, swali la Huston halibadilishi hesabu, kwa sababu mfuko mmoja wa urea unaleta yote mawili.

Mtandao wa watafiti uitwao Nutrient Network umerudia jaribio la mbolea katika mabara mengi kwa kipimo kimoja: gramu 10 za nitrojeni kwa mita mraba kwa mwaka, yaani kilo 100 kwa hekta. Urea ina nitrojeni asilimia 46, kwa hiyo hiyo ni mifuko minne na kitu ya kilo 50. Pasipotiwa mbolea, aina moja ikishuka nyingine hupanda na pengo linazibwa. Penye mbolea, uwezo huo ulidhoofika. Mimea ilianza kupanda na kushuka kwa pamoja.

Mtu wa Masisi atasema, na ni kweli, kwamba malisho yetu mengi yalikuwa msitu uliokatwa. Utajiri gani wa mimea tunaulinda? Ni trefle nyeupe, mmea mfupi wa jamii ya maharage, kwanza kabisa. Inavuta nitrojeni hewani bure na kumpa ng'ombe protini. Ukiipa urea inaacha kazi hiyo, kisha Kikuyu inaifunika. Hapo utanunua dukani kile ulichokuwa unakipata bila franga.

Kwa maoni yangu, mifuko iende kwenye kipande cha matete ya kukata karibu na zizi. Pale ni zao moja tayari, hakuna mchanganyiko wa kupoteza, na unachokata unakibeba, kwa hiyo udongo unadai kurudishiwa. Kilima kiachwe kwa samadi iliyotawanywa. Kikihitaji kitu cha dukani, tazama fosforasi kabla ya nitrojeni: udongo wa majivu ya volkano huishika fosforasi kwa nguvu, na trefle inaihitaji. Potasiamu mara nyingi si shida, kwa kuwa lava za Virunga zinayo nyingi.

Anayeng'ang'ania urea kilimani aanze na ukanda mmoja tu, mfuko mmoja kwa hekta (kilo 23 za nitrojeni), mvua ikiwa karibu kunyesha. Ikilala juu ya majani yenye joto na unyevu mdogo, sehemu yake hupaa kama amonia. Aache kando kipande cha mita 5 kwa 5 bila kitu. Ng'ombe wasiingie kwa wiki tatu hivi, nitrati isije ikawadhuru, kisha wale hadi kimo cha sentimita 5, mwanga ufike chini. Malisho yaliyotiwa mbolea bila kuliwa vizuri ndiyo yanayoharibika upesi.

Halafu ng'oa trefle pande zote mbili, osha mizizi, pasua kwa ukucha vifundo vyake, vile vivimbe vidogo ambamo nitrojeni ya hewani hunaswa. Ndani pakiwa na rangi ya waridi, vinafanya kazi. Pakiwa kijani au kijivu upande wa urea tu, simamisha urea. Usitegemee kuacha tu kutarudisha mambo: Cedar Creek, miaka 20 baada ya mbolea kusitishwa, aina zilizopotea zilikuwa bado hazijarudi. Itabidi ulishe mpaka chini mwishoni mwa kiangazi, ukwangue majani makavu, na utupe mbegu ya trefle mvua za Septemba zinapoanza.