Fokasi ya kwanza au ya pili: skopu ipi inatufaa huku ziwani?

Miongoni mwa wanaomiliki bunduki kihalali kuna imani kwamba skopu (darubini ya kulengea inayofungwa juu ya bunduki) ya fokasi ya kwanza ndiyo ya kisasa, na ya fokasi ya pili ni ya mtu aliyekosa hela. Kwa anayetumia bunduki Sengerema, Magu au Ukerewe, naona imani hiyo inawatoa watu pesa bila sababu. Ila wanaoitetea hawasemi upuuzi.

Tofauti iko mahali msalaba wa kulengea ulipowekwa. Katika fokasi ya kwanza, msalaba uko mbele ya lenzi za kukuzia. Ukizungusha pete ya kukuzia, msalaba unakua na kusinyaa pamoja na taswira, kana kwamba umechorwa juu ya picha yenyewe. Katika fokasi ya pili uko nyuma ya lenzi hizo, upande wa jicho: mnyama anakua, msalaba unabaki na unene uleule.

Sasa mchukue askari wanyamapori aliyeitwa kijiji cha ufukweni huko Buchosa kwa sababu ya mamba anayeshambulia watu. Mamba hapigwi popote. Ubongo wake ni mdogo, uko nyuma kidogo ya macho, na akijeruhiwa tu anazama na hasira zake. Kwa shabaha ndogo namna hiyo, mpigaji mwenye busara husogea hadi chini ya mita 100. Alfajiri, mwanga ukiwa hafifu na ukuzaji wa skopu umeshushwa, msalaba wa fokasi ya kwanza huwa mwembamba hadi unapotelea kwenye matete na tope. Ule wa pili unaonekana. Ukikuza, wa pili unaziba sehemu ndogo zaidi ya kichwa, lakini wa kwanza haubadiliki: mstari wenye unene wa mili 0.2 (mili ni kipimo cha pembe, sawa na sentimita 10 kwa mita 100) utafunika sentimita 2 kwa mita 100, skopu ikikuza mara 4 au mara 16. Nitaambiwa kuna skopu zenye taa ya kuwasha msalaba. Zipo, lakini zinataka betri, na si kila duka la kisiwani lina betri hizo bapa.

Fokasi ya pili nayo ina mtego wake, tena mbaya. Msalaba huwa na alama za mili za kufidia risasi inaposhuka au kusukumwa na upepo: mili 1 ni sentimita 10 kwa mita 100, na sentimita 20 kwa mita 200. Skopu ya mara 3 hadi 9, kwa kawaida, alama zake ni sahihi kwenye mara 9 peke yake. Mwindaji akiishusha hadi mara 3 kisha akafidia kwa alama ya mili 1, kumbe amefidia mili 3: kwa mita 200 ni sentimita 60. Risasi inapita juu ya mgongo wa nyamera. Katika fokasi ya kwanza kosa hilo halipo, kwa kuwa alama ni sahihi kwenye ukuzaji wowote.

Ndiyo maana anayekwenda kuwinda kwa kibali kwenye mbuga wazi za upande wa Maswa, ambako mita 300 si ajabu na upepo haukatizwi na kitu, ana sababu ya kulipia fokasi ya kwanza, pamoja na uzito wake. Huku ufukweni, upepo wa mchana unaotoka ziwani tunauhofia kupita kiasi. Kwa mita 80 hauisogezi risasi ya raifo kiasi cha kuhitaji alama yoyote.

Mwenye fokasi ya pili asiamini tu kijitabu. Asimamishe ubao mita 100 hasa, zilizopimwa kwa utepe, auchore mistari iliyoachana sentimita 10, kisha azungushe pete taratibu hadi alama za mili zikae juu ya mistari. Hapo aitie pete alama ya rangi. Akitaka kufidia kwa alama, pete iwe hapo. Ikiwa kwingine, alenge kwa kitovu cha msalaba tu.